Umechora Msichana, Hukuchora Mwanasesere

Mdogo wangu, hebu lete hiyo karatasi unayoificha mgongoni. Umefutafuta mpaka imetoboka, sasa unanung'unika kwamba huna kipaji. Nyamaza kwanza. Kosa lako ni lile lile la wenzako wengi: uliambiwa uchore mwanasesere wa matambara, ukachora msichana aliyevaa viraka.

Mwanasesere hana mifupa, mpenzi. Ukilishika hilo, mengine yatakuja. Mabega hayasimami, shingo inalemewa na kichwa, miguu inalala inapolala. Mtazame Raggedy Ann wa yule Mmarekani Johnny Gruelle. Umbo lake lilipata hataza mwaka 1915, na kitabu cha kwanza cha hadithi zake kikatoka 1918. Ana nini cha ajabu? Nywele za nyuzi nyekundu, macho ya vifungo, pua ya pembetatu, miguu yenye mistari myekundu na myeupe. Basi. Lakini ukimwona tu unajua ni kitambaa kilichojazwa pamba.

Haya, penseli uishike kwa wepesi; mistari ya mwanzo ni ya kufutwa. Anza na mstari mmoja uliopinda, kutoka utosini mpaka miguuni. Huo ndio mlegeo wake, na ukiuruka utaishia na askari wa gwaride. Juu yake weka duara kubwa la kichwa, karibu theluthi ya urefu wote. Kiwiliwili kiwe kama kimto kilichokaliwa, chini kimetuna. Mikono na miguu ni mirija tu. Penye kiwiko na goti weka mshono, kitambaa kikunjike hapo. Na vidole, tafadhali, achana navyo! Kiganja cha mviringo na kidole gumba kinatosha.

Usoni ndiko mnakojiponza. Chora msalaba hafifu, nao uinamie upande ule ule kilikoinamia kichwa, la sivyo macho yatakimbiana. Vifungo vikae chini kidogo ya nusu ya uso na viachane, hapo atapata utoto. Kisha mdomo: uzi mmoja mwembamba, basi. Najua mkono unakuwasha umtie kope, meno na rangi ya midomo. Uzuie. Huzuni ya mwanasesere haimo mdomoni, imo katika kuinama kwake. Mdomo ule ule, kichwa kikiinuka anachangamka. Kikishuka, mtu anataka kumwokota. Ukimpamba sana unamnyang'anya hilo, halafu unalia kwamba mchoro umekufa.

Nywele zitoke kwenye mshono wa kichwani, kwa mafungu, si unywele mmoja mmoja. Mistari ya miguuni izunguke mguu. Ukiinyoosha, mguu utalala bapa.

Viraka navyo vina adabu yake. Nenda kwa fundi cherehani wa mtaani kwenu, umwombe kwa heshima vipande vya kitenge vilivyobaki, uvitazame pembeni jinsi nyuzi zinavyochomoza. Kiraka chako kiwe na maua yanayoelekea kwingine kuliko ya gauni, na mishono isilingane: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja umekwenda upogo. Mishono iliyopimwa kwa rula ni ya kiwandani, na huyu ameshonwa na mtu.

Ukiridhika, pitisha kalamu ya wino, kisha subiri wino ukauke. Nimesema subiri! Mwenye pupa hadiriki kula tamu, nawe nakujua, utakimbilia ufutio wino ukiwa mbichi na uso wote utakuwa masizi. Ukikauka ndipo ufute penseli na utie rangi, ukianza na zile nyepesi.

Huyu wa kwanza mkalishe, ameegemea ukuta, ndiye rahisi. Akikubali, mchore aliyetupwa kifudifudi kitandani, mkono mmoja ukining'inia nje. Huyo atakutoa jasho, na ukikwama uje tumtazame pamoja.