Kubuni kofia ya viua kwa mtu wa nyumbani

Hapa Pemba wanawake wengi hushona kofia kwa mkono, ama kwa ajili ya mume, baba au mtoto, ama kwa kuuza. Ni kazi ya barazani, inayofanywa baada ya kupika, baada ya shamba, baada ya kuanika karafuu. Kwa kuwa hufanywa kidogo kidogo, ni rahisi kusahau muda uliotumika, na mnunuzi ndiye anayepanga bei. Tunapendekeza kila anayejifunza aanze na kofia moja ya mtu wa nyumbani, aibuni mwenyewe, na aandike saa zake.

Kupima
Zungusha utepe kichwani, juu kidogo ya masikio. Tuseme umepata sentimita 56. Huo ndio urefu wa ukanda wa pembeni. Gawa 56 kwa 3.14, utapata karibu 18: huo ndio upana wa duara ya juu. Kimo cha ukanda muulize mvaaji. Wengine hupenda kofia ndefu, wengine fupi. Ongeza sentimita 1 kila upande kwa ajili ya mshono. Fua bafta kabla ya kukata, maana pamba husinyaa.

Kuchora
Kata karatasi ya sentimita 56 na uigawe sehemu 8, kila moja sentimita 7. Chora ua moja katika sehemu ya kwanza, kisha lirudie katika zote. Hivyo ua halitakatika penye kiungo. Karatasi ya duara ikunje kati mara tatu. Ukiikunjua utaona sehemu 8 zinazolingana na ukanda. Ua libuni mwenyewe: kishada cha karafuu, nyota, au chochote anachokipenda mvaaji.

Kushona
1. Weka bafta mbili pamoja, upige bandi.
2. Hamisha mchoro kwa penseli.
3. Toboa viua, kisha zungushia kila kimoja uzi.
4. Ukanda na duara vikiisha kudariziwa, unga ncha za ukanda, halafu shonea duara.

Kuhesabu
Kila unapokaa kushona, andika saa ulizotumia. Kwa mfano tu: saa 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6, ni saa 60. Kama kitambaa na uzi ni shilingi 5,000 na mnunuzi anatoa 35,000, kinachobaki ni 30,000, yaani shilingi 500 kwa saa. Je, ungemfanyia mtu kibarua kwa malipo hayo?

Kofia za mashine ni rahisi, nasi hatuwezi kushindana nazo kwa bei. Tunaweza kushindana kwa kofia inayomkaa mtu sawasawa na yenye ua ambalo mwingine hana. Wanaozithamini wapo, hapa na hata Oman, ambako kofia za namna hii huitwa kumma. Lakini hatuwezi kutetea bei tusiyoijua. Kofia ya mtu wa nyumbani haiuzwi, ila ndiyo inayotufundisha thamani ya zile tutakazouza.

Maswali ya kujadili
• Kofia yako ya mwisho ilichukua saa ngapi?
• Nani alipanga bei yake?
• Je, washonaji wa mtaa wetu wanaweza kukubaliana bei ya chini kabisa?