Shule Zikifungwa, Usiache Wino Ukauke kwa Printa

Kama una saiba ndogo karibu na shule, unajua likizo ya Novemba na Disemba ni kiangazi cha biashara. Walimu hawaleti mitihani, na printa inakaa wiki kadhaa bila kazi. Halafu Januari inafika. Mzazi anataka fomu za shule zichapishwe sasa hivi, lakini karatasi inatoka na mistari myeupe. Anaenda kwa jirani, na pesa hiyo haiingii kwa Till yako.

Kwa nini wino hukauka?

Wino wa printa nyingi ndogo una maji. Hupita kwa vitundu vyembamba kuliko unywele. Printa ikikaa sana, maji hutoka hewani, rangi inabaki imeganda. Printa ya leza haina shida hii, kwa sababu hutumia unga.

Ufanye nini?

1. Zima kwa swichi ya printa yenyewe, si kwa soketi. Ukiizima hivyo, kichwa cha kuchapisha hurudi pembeni na kufunikwa. Ukikata stima ukutani, kinaweza kubaki wazi. Tokeni zikiisha katikati ya kazi, stima ikirudi iwashe, kisha uizime vizuri.

2. Chapisha ukurasa mmoja wa rangi kila wiki. Wenye maandishi meusi pekee hautoshi, maana vitundu vya rangi vitabaki bila kupitisha wino. Ukienda ushago, mwachie mtu kazi hiyo.

3. Acha katriji mahali pake. Ukizitoa, hewa inafika kwa wino. Funika printa isipate vumbi, na uiweke mbali na jua la dirishani.

Na kama imeshaziba?

Anza na ukurasa wa majaribio kwa menyu ya printa. Ukiona mistari imekatika, safisha kichwa mara moja, kisha ujaribu tena. Bado? Rudia mara moja, halafu izime hadi kesho. Wino ulioganda wakati mwingine hulainika wenyewe. Usisafishe mara kumi mfululizo: kila usafishaji hunywa wino na kuumwaga kwa sponji iliyo ndani ya mashine, na sponji hiyo hujaa. Usidunge vitundu na pini.

Panga pesa ya wino mapema

Pitia taarifa ya malipo ya Till yako ya mwaka mzima. Utaona miezi gani kazi hushuka. Miezi ya kazi nyingi, tenga kiasi kidogo kutoka kwa kila malipo ya uchapishaji, hata shilingi moja kwa ukurasa. Siku ya kununua wino kwa simu, soma jina la duka linalotokea kabla ya kukamilisha malipo, na ukague tarehe ya kuisha iliyo kwa pakiti.

Ukurasa mmoja wa rangi kwa wiki ni bei rahisi kuliko katriji mpya, na rahisi zaidi kuliko kumpoteza mteja wa Januari.