Pilipili, Ganzi na Maumivu ya Mishipa ya Fahamu

Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Mlima Meru hushuka hadi Olmotonyi, na jioni watu husogea karibu na moto. Miongoni mwao huenda akawapo mzee mwenye kisukari ambaye nyayo zake huwaka usiku kana kwamba amekanyaga makaa, ilhali akiziguswa huziona zimekufa ganzi. Akishauriwa kujipaka pilipili au kuzikanda kwa maji ya moto, afanye nini? Swali hili linastahili jibu la kisayansi, kwani kosa hapa huweza kumgharimu mtu mguu wake.

Mtu akijikata kwa panga, mishipa ya fahamu hupeleka habari ya jeraha kwenye ubongo. Jeraha likipona, habari hiyo hukoma. Lakini mishipa yenyewe ikidhurika, huendelea kupeleka habari za uongo. Hivyo ndivyo hutokea katika kisukari cha muda mrefu, katika ukoma, na baada ya mkanda wa jeshi, ugonjwa unaoletwa na virusi vya tetekuwanga vikiamka baada ya miaka mingi. Mgonjwa wa mkanda wa jeshi huweza kuumizwa na mguso wa shati tu, miezi mingi baada ya malengelenge kukauka. Parasetamoli aghalabu haimsaidii sana.

Dawa za kubandika au kupaka hufanya kazi kwenye ngozi, na kiasi kidogo tu huingia katika damu. Kwa hiyo huwafaa wazee wanaotumia dawa nyingine nyingi. Ya kwanza ni lidokaini, ambayo huziba njia za chumvi ya sodiamu katika mishipa ya fahamu ili habari za uongo zisipite. Bandiko lake la asilimia 5 huvaliwa saa 12, kisha huondolewa kwa saa 12.

Ya pili ni kapsaisini, kiini kinachoifanya pilipili iwashe. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko Marekani walitambua kipokezi chake, ambacho pia hufunguliwa na joto la nyuzi zipatazo 43 za Selsiasi. Kwa ugunduzi huo alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Kapsaisini nyingi huchosha ncha za mishipa hiyo hata zikanyamaza kwa majuma kadhaa, kisha zikamea upya. Bandiko la asilimia 8 huwekwa na mhudumu wa afya, dakika 30 miguuni au 60 mahali pengine. Hata hivyo si muujiza: baada ya mkanda wa jeshi, takriban mgonjwa mmoja katika kila kumi ndiye hupata nafuu kubwa inayotokana na dawa yenyewe.

Je, pilipili ya shambani haitoshi? Haitoshi, wala si salama. Kipimo chake hakijulikani, nayo huweza kuunguza ngozi. Mguu wenye ganzi haumwonyi mwenyewe kwamba unaungua. Kidonda kikianza, mwenye kisukari huweza kukigundua kimekwisha kuoza.

Basi kabla ya kupaka chochote, jipimeni. Mgonjwa afumbe macho, na mwenzake amguse taratibu, bila kubonyeza, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Akikosa kuhisi miguso miwili au zaidi kati ya sita, miguu hiyo isikaribishwe motoni, isikandwe kwa maji ya moto, wala isipakwe pilipili. Avae soksi, akague nyayo zake kila siku, na aende hospitali. Asipopata mabandiko, daktari huweza kumwandikia vidonge kama amitriptilini, ambavyo bei yake ni nafuu.

Maumivu yasiyo na jeraha si ya kubuni, nayo yana tiba. Lakini ganzi isiyouma ndiyo ya kuogopwa zaidi.