Chai ya Majani na Chai ya Vifuko: Ipi Ifaayo Nyumbani?

Chai ni kinywaji cha kila nyumba katika nchi yetu, mjini na mashambani. Mgeni akibisha hodi, hata kabla hajamaliza kueleza habari za safari yake, birika limekwisha kuwekwa motoni. Lakini mara nyingi jambo tulifanyalo kila siku ndilo tusilojifunza. Katika somo hili twataka kulitazama swali moja liulizwalo na wengi: je, yafaa kununua majani ya chai ya pakiti, au yale yaliyotiwa katika vifuko vidogo vya karatasi?

Swali hili lilinifikia nyumbani kwangu mwenyewe. Jumapili moja mjini Nairobi nilitembelewa na mjomba wangu, mkulima wa chai kutoka upande wa Nyeri, pamoja na wazee wawili wenzake. Kwa kuwa nilitaka kuwaheshimu, niliyaacha majani ya pakiti tuliyoyazoea, nikatoa sanduku la vifuko nililolinunua kwa bei kubwa. Nilitia vifuko viwili katika buli la vikombe sita, nikamimina maji, nikaongeza maziwa baridi papo hapo, nikawaandalia.

Mjomba alionja, akaweka kikombe chini. "Mpwa wangu," akasema kwa upole, "chai hii imepita karibu na majani, lakini haikuyasalimu." Wazee wakacheka, nami nikaona haya.

Kisha akaomba kisu. Akakipasua kifuko kimoja, akamwaga yaliyomo katika kisahani cheupe, na kando yake akaweka majani kidogo kutoka katika pakiti yangu ya kila siku. "Niambie," akasema, "ni yapi ya bei kubwa?" Nikatazama sana, nisiweze kuyatofautisha. Mzee huyu, ambaye mikono yake imechuma majani kwa miaka mingi, alitaka kujua kwa nini chai ile ile ipande bei kwa sababu tu imevikwa kanzu ya karatasi. Basi na tufuate swali lake tangu shambani.

JINSI CHAI ITENGENEZWAVYO

Mche wa chai uliletwa Kenya kutoka India, ukapandwa Limuru mwaka 1903. Kwa muda mrefu kilimo hiki kilikuwa cha walowezi na makampuni makubwa. Ni katika miaka ya 1950 wakulima Waafrika walipoanza kupata nafasi, na mwaka 1957 kiwanda cha kwanza cha chai ya wakulima wadogo kilifunguliwa Ragati, huko Nyeri. Siku hizi zaidi ya nusu ya chai yote ya Kenya hutoka katika mashamba madogo.

Mchumaji mwema huchuma majani mawili pamoja na chipukizi lake. Kiwandani majani hunyaushwa kwanza kwa muda wa saa nyingi, ili yapungukiwe na maji. Kisha hupitishwa katika mashine zenye meno, ambazo huyasaga, huyararua na kuyaviringisha mpaka yawe chembe ndogo ndogo. Namna hii ya kazi ilianza Assam, nchini India, katika miaka ya 1930, na ndiyo itumiwayo kwa sehemu kubwa sana ya chai yetu. Baadaye chembe hizo huachwa zipate hewa, nazo hugeuka kutoka rangi ya kijani kuwa ya shaba. Mwisho hukaushwa kwa hewa ya moto, huchekechwa, na kutengwa kwa madaraja.

Daraja la chembe zilizo laini kabisa huitwa vumbi. Neno hili lisikutie shaka. Vumbi la chai si takataka zilizofagiliwa sakafuni, bali ni chai halisi yenye chembe ndogo, na vumbi jema hupata bei nzuri katika mnada wa Mombasa. Chembe zikiwa ndogo, maji huzigusa pande nyingi, na kwa hiyo hutoa rangi na nguvu upesi. Chai ya majani makubwa, ambayo huviringishwa bila kuraruliwa, hukawia zaidi na huhitaji nafasi ya kukunjuka ndani ya maji.

Hapa ndipo penye jibu la mjomba. Kifuko ni chumba chembamba. Kwa hiyo mara nyingi hujazwa chembe ndogo, zile zile zipatikanazo katika pakiti za dukani. Ubora haumo katika karatasi. Umo katika chai yenyewe.

KIFUKO KILIVYOANZA

Huko Marekani wanawake wawili wa mji wa Milwaukee, Roberta Lawson na Mary McLaren, walipewa hati ya uvumbuzi wa kifuko cha chai mwaka 1903, yaani mwaka ule ule ambao chai ilipandwa Limuru. Inasimuliwa pia kwamba yapata mwaka 1908 mfanyabiashara wa New York, Thomas Sullivan, aliwapelekea wanunuzi vipimo vya chai katika vifuko vya hariri, nao wakavitumbukiza vizima katika maji ya moto. Uingereza, ambako watu wameshika sana desturi ya buli, kampuni ya Tetley ilianza kuuza vifuko mwaka 1953.

Kifuko kilipendwa kwa sababu za haki. Kina kipimo kimoja daima, hakihitaji chujio, wala hakiachi majani ya kusafishwa. Kwa mtu mmoja aliye ofisini, kwa msafiri, au kwa mgonjwa hospitalini, ni kitu cha msaada. Lakini kifaacho kwa mtu mmoja si lazima kiwafae watu sita.

HESABU YA NYUMBANI

Kifuko cha kawaida kina karibu gramu 2 za chai. Basi sanduku la vifuko 50 lina gramu 100 tu, sawa na pakiti ya gramu 100. Ukiwa dukani, usitazame ukubwa wa sanduku wala uzuri wa picha yake. Soma uzito ulioandikwa, kisha gawanya bei kwa idadi ya gramu. Fanya vivyo hivyo kwa pakiti, nawe utaona mara moja ni kiasi gani unacholipia karatasi, uzi na sanduku.

Chukua mfano wa nyumba yenye watu 5 wanywao vikombe 2 kila siku. Hivyo ni vikombe 10 kwa siku, na vikombe 300 kwa mwezi wa siku 30. Kwa vifuko, ni vifuko 300; kwa majani, ni gramu 600. Tofauti ya bei, hata ikiwa ndogo kwa kikombe kimoja, huzidishwa mara 300. Fedha hiyo ingeweza kununua maziwa, au daftari za watoto.

NAMNA YA KUTAYARISHA

Kwa chai ya buli, fuata mambo haya:

1. Tumia maji mapya, nayo yachemke kabisa. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100, lakini Nairobi, kwa sababu ya kuwa juu, huchemka kwa digrii 94 hivi. Kwa hiyo sisi wa nyanda za juu hatuna moto wa kupoteza.

2. Suuza buli kwa maji ya moto, uyamwage, ndipo utie chai.

3. Kila kikombe kipate kijiko kimoja kidogo cha chai, kilichosawazishwa. Ukitumia vifuko, ni kifuko kimoja kwa kikombe. Kosa langu la vifuko viwili kwa vikombe sita lisirudiwe.

4. Funika buli. Chembe ndogo, pamoja na vifuko, zahitaji dakika 3. Majani makubwa dakika 4 au 5. Usikikamue kifuko, maana utaongeza uchungu.

5. Tia maziwa baada ya chai kukolea. Maziwa baridi yakitangulia, hupoza maji kabla majani hayajafanya kazi yake.

Kwa chai ya maziwa ya sufuria, ipendwayo sana kwetu, majani ndiyo yafaayo. Chemsha maji kwanza, pamoja na tangawizi iliyopondwa ikiwa unaipenda, kwa maana tangawizi mbichi ikiingia katika maziwa kabla ya kuchemshwa huweza kuyakatisha. Ndipo utie majani na maziwa, yachemke tena kwa dakika 2 au 3, uepue, ufunike kidogo, kisha uchuje. Usichemshe vifuko katika sufuria. Hupasuka, na tena karatasi za vifuko vingi zina nyuzi za plastiki zilizotumiwa kuvigandisha.

AINA NYINGINE ZIPENDWAZO

Watu wa pwani hupenda chai ya rangi yenye iliki au mdalasini, na wengine hutia mchaichai. Chai ya kijani ni jani la mche ule ule ambalo halikuachwa ligeuke rangi. Yataka maji yaliyopoa kidogo, ya digrii 80 hivi, ama sivyo huwa chungu. Iko pia chai ya zambarau, iliyotokana na aina ya mche uliotolewa kwa wakulima na watafiti wa Kericho mwaka 2011. Chai hizi mbili yafaa zinywewe bila maziwa.

KUTUNZA NA KUJIHADHARI

Chai huvuta unyevu na harufu upesi. Itie katika mkebe wenye kifuniko cha kukaza, mbali na sabuni, vitunguu na mafuta ya taa.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko bei. Chai inywewayo pamoja na chakula huuzuia mwili kupata vizuri madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, mboga na nafaka, nayo ndiyo yasaidiayo kutengeneza damu. Mama mjamzito, na kila mtu aliyepungukiwa na damu, yampasa angoje kama saa moja baada ya kula ndipo anywe chai. Watoto wadogo wasipewe chai pamoja na chakula. Hapa majani na vifuko ni sawasawa.

Mjomba alipokuja tena, nilipima majani ya pakiti kwa kijiko, nikafunika buli, nikangoja dakika zake. Alikunywa vikombe viwili, akaomba cha tatu. "Leo imeyasalimu," akasema. Vifuko vyangu vilivyobaki nilivipeleka ofisini, na huko vyanifaa sana.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Kwa nini kifuko hujazwa chembe ndogo za chai?
2. Sanduku la vifuko 25 lina gramu ngapi za chai?
3. Kwa nini maziwa baridi hayafai kutangulia?
4. Katika nyumba yako, ni nani apaswaye kungoja saa moja baada ya kula?