Azimio la Kazi la Mwalimu Anayeanza Kujifunza Lugha ya Kompyuta

Mwalimu hamfundishi mtoto kusoma kwa kumkabidhi kitabu kizima siku ya kwanza. Huanza na sauti, kisha silabi, kisha neno. Hata hivyo, walimu wengi wanaotaka kujifunza kuandika programu za kompyuta husahau kanuni hiyo. Sisi nasi tuliisahau: tulianza lugha tatu katika muhula mmoja, wala hatukumaliza hata moja. Katika makala haya tutaeleza namna ya kupanga mafunzo hayo kwa chombo anachokijua kila mwanachuo, yaani azimio la kazi.

Kuchagua lugha

Chagua moja tu. Tunapendekeza Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Hupatikana bila malipo. Maneno yake ya lazima ni 35, na anayeanza huhitaji manne: if, else, while na for. Majina tunayoyabuni wenyewe huweza kuwa ya Kiswahili. Jambo hili si dogo, kwani watoto wengi wa Mbulu na Hanang huja shuleni na Kiiraqw au Kidatoga, hujifunza Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza.

Muda

Tenga vipindi vitatu vya dakika 40 kila wiki. Kwa wiki 12 utapata saa 24.

Wiki ya 1 na 2: Daftari bila mashine

Hatua hii haihitaji umeme. Andika kazi uijuayo, hatua kwa hatua. Mchungaji wa Hanang husimama langoni mwa zizi jioni. Maadamu yupo ng'ombe nje, humwingiza mmoja na kuongeza moja katika hesabu. Wakiisha, hulinganisha na idadi ya asubuhi. Ikiwa imepungua, hutuma mtu kutafuta. Hapo pana marudio na sharti, ambayo ni mihimili miwili ya programu.

Wiki ya 3 hadi 6: Kuandika na kuharibu

Sasa hesabu ile huandikwa hivi:

idadi = 0
jibu = input("Yupo nje? ")
while jibu == "ndiyo":
    idadi = idadi + 1
    jibu = input("Yupo mwingine? ")
print(idadi)

Ikishafanya kazi, futa kwa makusudi mstari wa tano. Ukijibu "ndiyo", programu haitakoma, kwa kuwa jibu halibadiliki tena. Isimamishe kwa kubonyeza Ctrl na C pamoja. Anayeharibu na kutengeneza huelewa kuliko anayenakili.

Wiki ya 7 hadi 12: Kazi yako mwenyewe

Andika programu moja unayoihitaji, kama vile ya kutafuta wastani wa alama za darasa.

Kipimo

Kila mwisho wa wiki mweleze mwenzako ulichojifunza bila kutazama daftari. Ukishindwa, rudia wiki hiyo, usisonge mbele.

Mtoto ambaye hana kompyuta nyumbani huenda akaijua kwa mara ya kwanza kupitia mwalimu wake. Mwalimu aliyekata tamaa wiki ya tatu hatakuwa na la kumpa.

Zoezi: Endeleza programu ya zizi ili ilinganishe hesabu ya jioni na ya asubuhi, kwa kutumia if na else.