Antena ya simu na mbuzi waliotupa mimba

SWALI: Daktari, tangu wasimamishe antena ya simu karibu na kwetu hapa Kasongo, kuku wanakufa na mbuzi wangu wawili wametupa mimba. Majirani wanasema ni mawimbi ya rezo. Tuhame? — Mama mfugaji

JIBU: Pole sana, mama. Msihame kwa sababu ya antena.

Majirani hawakuokota maneno hewani. Mwaka 2018 taasisi ya serikali ya Marekani ilitoa matokeo ya panya waliomulikwa mawimbi ya simu za 2G na 3G kwa saa 9 kila siku, tangu tumboni mwa mama zao hadi miaka 2. Baadhi ya madume walipata saratani ya moyo. Vitoto vilizaliwa na uzito pungufu, ila vilikua vizuri baadaye. Ajabu, madume waliomulikwa waliishi muda mrefu kuliko wenzao wasiomulikwa! Kwa majike hakukuwa na ushahidi wa wazi wa saratani namna hiyo. Mimi uchunguzi huo siudharau.

Lakini tazama kipimo. Panya walipokea wati 1.5 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili. Kikomo cha kimataifa kwa raia ni 0.08. Shirika la Afya Duniani linasema mawimbi ya antena yanayowafikia watu hayazidi asilimia 2 ya kikomo, na mara nyingi ni chini ya hapo. Tena antena hurusha mawimbi kwenda mbali, kama tochi iliyoelekezwa mbele. Aliye miguuni pake hupata kidogo.

Kuku wanaokufa kwa mkupuo, shingo zimepinda, kinyesi kijani, hao huenda wana mdondo. Dawa hakuna, chanjo ipo: tone moja jichoni, kabla ugonjwa haujaingia.

Kinachonitia hofu mimi ni hizo mimba. Mbuzi hutupa mimba kwa sababu nyingi, mojawapo ni brusela, na hiyo humwambukiza mtu. Usishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Lizike kwa kina, mbwa wasilifukue. Maziwa yachemshwe. Mwite mganga wa mifugo achukue damu ya mbuzi waliobaki, na usiwauze kabla ya majibu. Mtu wa nyumbani akipata homa ya kwenda na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo, asinywe tu dawa ya malaria: aende hospitali, na amwambie mganga kwamba mbuzi wenu walitupa mimba.