Kurudi Kukimbia Baada ya Damu Kuganda Mguuni

Damu ikiganda ndani ya vena kubwa iliyo katikati ya nyama za mguu, mara nyingi kwenye shavu la mguu au pajani, donge huziba njia ya damu inayorudi moyoni. Mguu huvimba, huuma na kuwa wa moto. Ngozi nayo hubadilika rangi, ingawa kwa mtu mweusi jambo hilo halionekani kirahisi. Dalili ya kutegemea zaidi ni mguu mmoja kuvimba kuliko mwenzake. Hatari kubwa haiko mguuni. Kipande cha donge kinaweza kumeguka, kikapita moyoni na kukwama kwenye mishipa ya mapafu, na mgonjwa akafariki ndani ya muda mfupi.

Tangu kazi za daktari Mjerumani Rudolf Virchow katika karne ya 19, madaktari hutaja mambo matatu yanayogandisha damu mshipani: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Ndiyo maana tatizo hili hufuata upasuaji, mguu uliofungwa plasta, ujauzito na wiki 6 baada ya kujifungua, saratani, kifua kikuu, VVU, na matumizi ya vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni. Mkimbiaji naye hana kinga. Anayemaliza marathoni Boston au London, akiwa amepungukiwa maji na miguu imechoka, kisha akakaa kwenye ndege saa nyingi hadi Nairobi, hukutanisha sababu kadhaa kwa siku moja.

Mkimbiaji pia huchelewa kugunduliwa. Maumivu ya shavu la mguu huitwa msuli uliokaza, mguu hukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu, jambo lisilofaa kabisa kwenye mguu wenye donge jipya. Katika nyumba nyingine uvimbe wa ghafla wa mguu mmoja husemwa kuwa ni mgonjwa amekanyaga mtego wa kichawi, na siku zinazopotea hapo ndizo donge linapopata nafasi ya kukua. Msuli ulioumia kwa kawaida una saa yake ya kuanza inayokumbukwa, na hupungua maumivu siku hadi siku. Uvimbe unaoongezeka bila jeraha linalojulikana unahitaji kipimo cha ultrasaundi ya mishipa, kwa kuwa hakuna jicho wala mkono unaoweza kulitambua donge kwa uhakika.

Kazi ya dawa

Dawa za kuzuia damu kuganda haziyeyushi donge. Hulizuia lisikue na kuzuia mengine yasitokee, huku mwili wenyewe ukilimeng'enya taratibu kwa wiki na miezi. Matibabu huchukua angalau miezi 3. Kama chanzo kilikuwa cha kupita, mfano upasuaji au plasta, mara nyingi muda huo hutosha. Kama chanzo hakijulikani au bado kipo, daktari huongeza muda, wakati mwingine bila kikomo.

Wakati wa kuogopa ni ule mgonjwa anapojisikia mzima. Kwa wengi uvimbe hupungua mapema, dawa ni ghali, na mtu huona hakuna sababu ya kununua pakiti nyingine. Donge bado lipo. Kuacha dawa kabla ya muda na kurudi barabarani kwa kasi ya zamani ni mambo mawili mabaya yanayopenda kufuatana, na familia inayosaidia kupata fedha ya dawa kila mwezi hufanya kazi kubwa kuliko mashauri yoyote ya mazoezi.

Anayetumia warfarini, mojawapo ya dawa hizo, hupimwa damu mara kwa mara ili kiwango kiitwacho INR kibaki kati ya 2 na 3. Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki vina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini. Si lazima kuviacha. Kinachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, bila kufunga mboga mwezi mzima na kisha kuzifululiza. Metronidazo, ambayo wengi huinunua dukani tumbo likiuma, huongeza nguvu ya warfarini hadi kuleta damu isiyokata. Rifampisini ya kifua kikuu huipunguza, na hupunguza pia nguvu ya rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa hiyo kila anayeandika dawa mpya lazima aambiwe. Rivaroksabani haihitaji kipimo cha INR; kwa kawaida huanza na miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha miligramu 20 mara moja, na vidonge hivyo humezwa pamoja na chakula.

Mwanamke aliyekuwa akitumia vidonge vya majira vyenye estrojeni huhitaji njia nyingine ya uzazi wa mpango, na anayemeza warfarini hushauriwa asishike mimba kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kutembea huanza mapema

Zamani mgonjwa alilazwa kitandani siku nyingi kwa hofu kwamba akisimama donge litang'oka. Leo inajulikana kwamba mtu aliyekwisha kuanza dawa na ambaye hali yake imetulia anaweza kutembea tangu siku za mwanzo, na kufanya hivyo hakuongezi uwezekano wa donge kwenda mapafuni. Kila hatua, misuli ya shavu la mguu hubana vena na kuisukuma damu juu. Mguu uliolala hauna msukumo huo. Wakati wa kupumzika mguu huinuliwa juu ya mto, na soksi za kubana zinaweza kupunguza uzito na maumivu kwa anayezihitaji, ingawa si mbadala wa dawa.

Kutoka kutembea hadi kukimbia

Hakuna tarehe moja inayomfaa kila mtu. Kwa aliyepata donge mguuni tu, ambaye maumivu yametulia na hakosi dawa, wiki 3 za kwanza huwa za kutembea na kazi nyepesi za nyumbani. Wiki ya 4 na ya 5 zinaweza kuingiza kuogelea au baiskeli, hasa ile ya mazoezi isiyotoka mahali pake, kwa sababu mguu hufanya kazi bila kupokea kishindo. Kukimbia hufikiriwa karibu na wiki ya 6, baada ya daktari kuridhia.

Siku ya kwanza ya kukimbia inapaswa kuonekana ndogo mno. Dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, zikirudiwa hadi dakika 20, kwenye njia tambarare, kisha siku nzima ya kupumzika. Dakika za kukimbia huongezwa kabla ya kasi, na vilima huja mwisho. Mchakamchaka wa kikundi cha Jumapili usubiri: wimbo na wenzake humvuta mtu kwa mwendo wa kundi, naye anahitaji mwendo wa mguu wake. Mwenzi mmoja mvumilivu anatosha.

Namna nzuri ya kujua kama mguu umekubali ni kuupima kwa futi ya fundi cherehani, sehemu ileile ya shavu la mguu, jioni kabla ya mazoezi na asubuhi mbili zinazofuata. Madaktari huipa uzito tofauti inayozidi sentimita 3 kati ya miguu miwili, lakini kwa aliyekwisha kuugua mguu mmoja unaweza kubaki mnene. Kwa hiyo ulinganishwe na ulivyokuwa juzi. Ukivimba kidogo jioni na kunywea usiku, mazoezi yanaendelea. Asubuhi ukiwa bado umevimba, mtu hurudi hatua moja nyuma kwa wiki nzima. Uvimbe au maumivu yakizidi, hospitali.

Aliyepata donge mapafuni huenda polepole zaidi. Pumzi inayokata kwa kazi ndogo hata baada ya miezi 3 ya dawa inahitaji uchunguzi wa moyo na mapafu, wala isidhaniwe kuwa ni kukosa mazoezi.

Mchezaji tenisi Serena Williams alipata donge mapafuni mwaka 2011, akarudi uwanjani miezi michache baadaye, na mwaka 2012 akashinda Wimbledon na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya London. Chris Bosh wa mpira wa kikapu alipata donge la damu mwaka 2015 na tena mwaka 2016, na hakucheza tena. Donge la pili hubadilisha mambo, kwa sababu mara nyingi maana yake ni dawa za muda mrefu, na dawa hizo haziendani na michezo ya kugongana.

Mguu usiorudi kama zamani

Kati ya wagonjwa 100, takriban 20 hadi 50 hubaki na uzito, uvimbe wa jioni, muwasho au ngozi kuwa nyeusi kifundoni, kwa kuwa vali ndogo za vena ziliharibika. Wachache hupata kidonda kisichopona haraka. Mazoezi ya taratibu hayaharibu vali hizo zaidi, na wengi hupata nafuu wakitembea na kukimbia kwa kiasi.

Damu isiyokata

Akiwa kwenye dawa, mkimbiaji huchagua njia yenye mwanga na isiyo na mashimo, huacha soka, na hufikiri mara mbili kabla ya kupanda bodaboda bila kofia. Akianguka na kugonga kichwa, aende hospitali hata kama anajisikia vizuri. Maumivu ya misuli yatulizwe kwa parasetamo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu. Sindano ya takoni nayo inaweza kuvujisha damu ndani ya msuli, hivyo mhudumu aambiwe kabla ya kuchoma. Kadi mfukoni yenye jina la dawa husaidia mgonjwa akikutwa hawezi kusema.

Safari inayozidi saa 4, ya basi au ndege, inahitaji maji ya kutosha, kusimama kila basi linaposimama, na kukunja na kunyoosha vifundo kitini. Baada ya marathoni ni bora kulala usiku mmoja au miwili kabla ya safari ndefu.

Dalili zisizosubiri kukuche

Kwa upande wa donge mapafuni: kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma wakati wa kuvuta hewa, kukohoa damu, kuzirai. Kwa mkimbiaji mapigo ya moyo 90 kwa dakika akiwa ametulia yanaweza kuwa ya hatari kama kawaida yake ni 50, naye amwambie mhudumu hivyo. Kwa upande wa damu kutoka: kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokata, hedhi nzito kupita kawaida, au kichwa kuuma ghafla kwa namna isiyojulikana. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, na pakiti ya dawa anayotumia ibebwe.